Mashine Tupu ni Uamuzi wa Mtu



Kila mwaka, mwezi wa Desemba unapofika katikati, Mlima Kilimanjaro huwapokea watoto wake. Hutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Nairobi na ng'ambo, nao hupanda kwenda Machame, Kibosho, Uru, Kilema, Marangu, Mwika na Rombo ili kuwaona wazee wao. Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo tunaupokea kwa moyo mweupe, kwa kuwa umebeba ukweli. Katika majuma hayo machache ndoa hufungwa, watoto hubatizwa na kupewa kipaimara, makaburi hujengewa, mashauri ya ukoo hukatwa, na mbuzi huchinjwa karibu katika kila kihamba. Yote hayo hutaka fedha, tena fedha taslimu. Kwa maana mama anayeuza ndizi sokoni, fundi wa kujengea kaburi na mwenye kilabu cha mbege hawana chombo cha kusomea kadi.

Ni katika majuma hayohayo ndipo maneno "mashine haina fedha" husikika mno kwenye foleni za mjini Moshi, Himo na Bomang'ombe. Watu huguna, hutikisa vichwa, kisha hutawanyika kutafuta mashine nyingine. Hulikubali jambo hilo kama wanavyoukubali ukungu wa mwezi wa Julai au mvua ya masika.

Sisi twaona kwamba hawapaswi kulikubali hivyo. Mashine kukosa fedha si jambo la majira. Ni matokeo ya hesabu iliyopigwa na mtu aliyeketi ofisini. Na kila hesabu inayoamua nani apate na nani akose, nani asubiri na nani apite, ni jambo la haki.

Fedha hufikaje kwenye mashine?

Ili tuweze kusema kwa haki, yatupasa kwanza tujue kazi hiyo inavyofanyika. Noti zote za nchi hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Mjini Moshi hakuna tawi la Benki Kuu. Lililo karibu nasi liko Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi. Mabenki ya biashara huchukua noti huko, huzisafirisha chini ya ulinzi wa silaha, huziweka katika vyumba vya chuma vya matawi yao, na kutoka humo huzigawa kwenye mashine. Kwa upande mwingine hupokea noti kutoka kwa wateja wanaoweka akiba, wenye maduka, wenye vituo vya mafuta na taasisi kama parokia zetu. Hizo nazo huhesabiwa, zilizochakaa hutengwa, na zilizo nzima hurudi kwa watu.

Ndani ya mashine mna makasha, aghalabu manne. Kila kasha hubeba noti za thamani moja tu, nazo ni kama 2,000 au zaidi kidogo. Hebu tupige hesabu pamoja. Makasha manne yakijazwa noti 2,000 kila moja, zote za shilingi 10,000, mashine itakuwa na shilingi milioni 80. Tuseme kila mtu anatoa shilingi 400,000 kwa matumizi ya sikukuu. Watu 200 watakuwa wameimaliza. Tuseme kila mtu anatumia dakika mbili. Mashine iliyojazwa saa mbili asubuhi itakuwa tupu kabla ya saa tisa alasiri. Na ikiwa makasha mawili kati ya manne yamewekwa noti za shilingi 5,000, fedha yote itakuwa milioni 60, nayo itatosha watu 150 tu. Saa saba mchana foleni itakuwa imesimama bure. Hapo tumechukulia kwamba mashine ilijazwa hadi pomoni, umeme haukukatika, mtandao haukusumbua, na hakuna noti iliyokunjamana ikakwama njiani.

Kwa hiyo mashine moja si kisima kisichokauka. Ni mtungi. Mtungi hujazwa na mtu, kwa kiasi alichokiamua, kwa saa aliyoichagua.

Mizani inayoelemea upande mmoja

Kwa nini basi asiujaze kila siku hadi juu? Wenye mabenki wanazo sababu, nasi hatuna budi kuzitaja bila hila. Fedha iliyolala ndani ya mashine haizai faida. Ingalikopeshwa kwa mfanyabiashara au kuwekezwa katika hati za serikali, ingalileta riba; ikikaa katika kasha, inalala tu. Tena fedha nyingi mahali pamoja huvuta wezi, na bima yake huwa ghali. Kila safari ya kwenda kujaza mashine hutaka gari, mafuta, walinzi na watumishi wawili au zaidi wenye funguo. Hivyo msimamizi wa fedha hupima mizani. Akiweka nyingi mno, zitalala. Akiweka chache mno, zitakwisha. Akienda kujaza mara nyingi, gharama za safari zitapanda. Akienda mara chache, itambidi aweke nyingi kwa mara moja. Huo ni ujuzi halali, na mtu anayeufanya vizuri anastahili sifa.

Lakini tuiangalie mizani hiyo kwa makini zaidi. Fedha ikilala ndani ya mashine, anayepata hasara ni benki, nayo hasara hiyo inaonekana katika vitabu vyake hadi senti ya mwisho. Fedha ikikwisha, anayepata hasara ni mwingine, na hasara yake haiandikwi katika kitabu chochote. Mwalimu mstaafu wa Uru aliyeshuka kwa daladala akarudi mikono mitupu, kisha kesho akashuka tena, amelipa nauli mara nne kwa fedha moja. Ndugu wa mgonjwa aliyelazwa KCMC, anayetakiwa kununua dawa jioni hiyo, humwendea mtu wa kumkopesha. Bibi wa Kibosho aliyemtuma mjukuu kwa bodaboda hulipa bodaboda hata kama mjukuu amerudi bila kitu. Gharama ambayo benki imeiokoa haikupotea hewani. Imeshushwa kutoka begani mwa mwenye nguvu, ikawekwa begani mwa yule asiye na mahali pa kuishusha.

Hili ndilo neno letu kuu. Hatusemi kwamba msimamizi wa fedha ni mtu mbaya. Twasema kwamba anapima kwa mizani iliyoonyeshwa upande mmoja tu. Asipoletewa habari za upande wa pili, ataendelea kuona kwamba amepima sawasawa.

Mlima huu haukuanza jana

Shida ya kufikisha fedha kwa watu wa mlimani ni ya zamani, na wazee wetu waliwahi kuishughulikia. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wenyeji wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika, yaani KNCU. Kahawa ilikusanywa katika vyama vya msingi, na malipo yalitolewa humohumo katika vyama vya msingi. Siku ya malipo ilitangazwa, watu wakaijua, wakajipanga. Fedha ndiyo iliyopanda mlima kumfuata mkulima. Mkulima hakulazimika kushuka mlima kuifuata fedha.

Hatutaki kuzipamba siku zilizopita. Malipo yalicheleweshwa mara nyingi, wako waliopunjwa kwenye mizani, na mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini kote, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipofungua njia ya kuviunda upya. Twakumbusha jambo moja tu: siku ilijulikana, na mahali palijulikana.

Upande wa mabenki, tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, serikali iliyataifisha mabenki ya kigeni, na Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikaundwa mwaka huohuo. Yafaa kukumbuka kwamba mnamo Juni 1967 benki moja ya Uingereza ilifungua kaskazini mwa London mashine inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani ya kutolea noti. Sisi tuliendelea na vitabu vya akiba na foleni ndefu mbele ya karani. Sheria ya mwaka 1991 iliruhusu tena mabenki ya watu binafsi. Mwaka 1997 NBC iligawanywa, na kutoka kwake ikazaliwa NMB. Mashine za kutolea fedha zilianza kuonekana nchini mwishoni mwa miaka ya 1990, zikaenea katika miaka ya 2000. Ziliondoa adha nyingi, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka turudi kwenye foleni za zamani. Ila pamoja na karani aliondoka pia mtu wa kuulizwa. Karani alipokosa fedha ulimwona usoni, ukamwuliza ije lini. Mashine haijibu.

Je, simu haikumaliza shida hii?

Wako watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa leo kila mtu ana fedha katika simu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza nchini, simu imekuwa msaada mkubwa, na tangu mwaka 2013 mabenki yamekuwa na mawakala wao hata vijijini. Wakala wa Kirua au wa Tarakea amemwondolea mzee safari ya mjini. Tunampongeza.

Hata hivyo wakala hatengenezi noti. Fedha taslimu iliyomo katika droo yake imetoka benki, au imetoka kwa wateja walioweka asubuhi hiyo. Mashine za mjini zikikauka, foleni huhamia kwake, na droo yake hukauka kabla ya jua kutua. Tena huduma yake ina makato, na mwenye kutoa kidogo hukatwa sehemu kubwa ya fedha yake kuliko mwenye kutoa nyingi. Tulijifunza jinsi makato yanavyoumiza pale tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021. Malalamiko ya wananchi yalifanya ipunguzwe Septemba mwaka huohuo, na ilipopelekwa hadi kwenye mabenki mwaka 2022 ililalamikiwa tena, ikalegezwa tena. Somo la tukio hilo ni kwamba wananchi wakisema kwa utaratibu, husikilizwa.

Na mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi mkuu, intaneti ilipozimwa nchini, kila aliyekuwa ameweka riziki yake yote katika programu ya simu alitambua kwamba fedha inayopita katika waya inaweza kufungiwa njia. Noti mkononi bado ina kazi yake, hasa siku ya dhiki.

Kadi iliyo mkononi mwa mwingine

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia. Wako wastaafu na watumishi waliokopa kwa watu wa mikopo inayoitwa kausha damu, wakaacha rehani kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Siku mshahara au pensheni inapoingia, mkopeshaji husimama mbele ya mashine akiwa na kadi za watu wengi, akachomeka moja baada ya nyingine. Fedha ya jasho la miaka thelathini hutoka, wala mwenyewe haioni. Kisha wale walio nyuma yake kwenye foleni huambiwa kwamba mashine imekwisha.

Hapa tunapaswa kusema bila kuuma maneno. Kukopesha kuna sheria yake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Kumpa mtu kadi na namba ya siri ni kumpa ufunguo wa ghala. Viongozi wa jumuiya wanaomjua mstaafu aliyenaswa hivyo wasimcheke wala wasimtangaze. Wamsindikize benki abadilishe namba yake ya siri, na wamsaidie kupatana na mdai wake mbele ya mashahidi.

Tunachowaomba wenye mabenki

Kwanza, wapange fedha kwa kalenda ya watu. Krismasi haijawahi kuja kwa kushtukiza. Mwisho wa mwezi unajulikana, na Januari ya kufungua shule inajulikana. Mwaka 2025 tarehe 25 Desemba iliangukia Alhamisi. Ukiongeza sikukuu ya tarehe 26, kisha Jumamosi na Jumapili, ni siku nne mfululizo zisizo siku za kazi za kawaida. Kalenda ya namna hiyo husomeka mwaka mzima kabla. Mashine za Moshi na za miji midogo ya mlimani zijazwe pomoni kabla ya siku kama hizo, na wawepo watumishi wa zamu wa kuzijaza tena sikukuu ikiwa inaendelea.

Pili, waseme mapema. Mtambo wa benki hujua makasha yanapokaribia kwisha. Tangazo mlangoni, au ujumbe mfupi wa simu unaoeleza mashine ipi ina fedha na ipi itajazwa saa ngapi, ungemwokoa mzee na safari ya bure. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya mtu mmoja.

Tatu, wasisahau noti ndogo. Mashine iliyojazwa noti za shilingi 10,000 pekee humfungia mlango mwenye salio la shilingi 9,000. Twaelewa kwamba kasha la noti za 5,000 hukwisha upesi kuliko la 10,000. Lakini mtu ambaye salio lake ni dogo ndiye hasa anayelihitaji salio hilo leo.

Nne, mashine ikikata fedha katika akaunti bila kutoa noti, marejesho yafanyike upesi, wala mteja asizungushwe kana kwamba ndiye mwenye kosa.

Tunachojiagiza sisi wenyewe

Haki ina pande mbili, wala haifai kunyoosha kidole tu. Ninyi mnaotoka mijini mikubwa, msisubiri tarehe 23 Desemba ndipo muanze kutoa fedha za sikukuu yote. Toeni mapema, kwa awamu, kadiri usalama unavyoruhusu, na mnayoweza kulipa kwa simu moja kwa moja lipeni kwa simu, ili noti zibaki kwa wasio na njia nyingine. Mkiwa kwenye foleni, mpisheni mzee. Mnaposhika noti, msizikunje wala kuzichana, kwa kuwa noti iliyoharibika leo ndiyo inayokwamisha mashine kesho.

Watunza hazina wa parokia, wa vigango na wa jumuiya wasilaze sadaka na michango katika masanduku kwa majuma. Noti zilizofungiwa kabatini haziwasaidii wahitaji na huwavuta wezi. Zikipelekwa benki au kwa wakala aliyesajiliwa kila baada ya Jumapili, wakiwa wawili na kwa risiti, hurudi katika mzunguko wa mlima huu huu.

Na zaidi ya yote, tuandike. Kila jumuiya iwe na daftari dogo: tarehe, saa, mahali pa mashine iliyokuwa tupu, na watu wangapi walirudi bure. Kamati ya Haki na Amani ya parokia ikusanye habari hizo na kumpelekea meneja wa tawi kwa barua yenye adabu, ikiomba majibu ya maandishi. Asipojibu, kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinampa mteja haki ya kufikisha lalamiko lake Benki Kuu. Lalamiko la mtu mmoja hupotea kirahisi. Daftari la jumuiya ishirini, lenye tarehe na saa, lina uzito. Hilo ndilo litakalowekwa kwenye upande wa pili wa mizani ya yule msimamizi, ili anapopima aone pia nauli ya mwalimu wa Uru na dawa ya mgonjwa wa KCMC.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Viongozi wa walei na waanze sasa, kabla ya Desemba nyingine kutukuta bado tunaguna kwenye foleni. Fedha iliyomo ndani ya mashine si zawadi ya benki. Ni jasho la watu, limewekwa kwa amana. Mwenye amana akibisha mlangoni kwa saa iliyokubaliwa, afunguliwe.